Deibili au wanshiti? Na muvi yenyewe utaiona wapi? Mabango ya kizamani ya sinema za Australia

Kama hela yako inatosha bango moja tu, chukua deibili. Nimeanza na jibu kabisa manake binamu yangu wa Perth aliyeniuliza anunue lipi kati ya deibili na wanshiti ni mtu wa kusoma mistari miwili anafunga simu, sasa kashapata chake, sisi wenye muda tuendelee.

Deibili ndo lile bango refu jembamba la Australia, umbo lake kama mswala wa mtoto. Lilikuwa linabandikwa nje ya sinema au kwenye dirisha la duka la jirani, watu wapite waone leo kuna nini. Wanshiti ni lile pana la kawaida ambalo ukisema bango la sinema popote duniani ndo watu wanalifikiria, inchi 27 kwa 40, yaani sentimita 69 kwa 102 hivi. Australia walichapa yote mawili, na mengine makubwa zaidi ya kuunganisha vipande ukutani, ila hayo ya vipande usiyawaze labda nyumbani kwako ni ghala.

Halafu kuna kitu wageni wa hii michezo hawakijui. Ukisikia bango la Australia usidhani ni muvi za Australia peke yake. Muvi za Hollywood na za Uingereza zilipofika kule zilichapiwa deibili za palepale, na mchoraji wa Sydney alikuwa anapewa picha ya bango la Marekani halafu anaichora upya aibane kwenye kile kipande chembamba, sasa unapata sura ya staa imekaa vibaya kidogo, pua imekuwa ndefu, rangi ya shati sio ile, na ndo utamu wenyewe. Wachoraji wengi hawakuweka majina yao. Mimi hili linaniuma mpaka leo, kazi nzuri vile na hujui hata umshukuru nani.

Sasa tuziweke sambamba.

Bei kwanza. Kwa muvi ileile, mwaka uleule, deibili karibu kila mara iko chini ya wanshiti, na muvi ikiwa na jina kubwa pengo linazidi kuwa kubwa. Wanshiti ya Mad Max ya 1979 wanaigombania watu wa Marekani, wa Japani, wa Uingereza, wewe na mshahara wako wa kupanga masanduku utaangalia tu mnada unavyopita kama treni. Deibili yake nayo sio bei rahisi siku hizi ila angalau unaweza kuifikiria bila kuuza pikipiki. Ukishuka kwenye muvi zisizo na kelele, vichekesho vya miaka ya 70, maigizo ya mashambani ya miaka ya 50, huko deibili unaokota kwa hela ya chakula cha watu wawili mgahawani.

Nafasi. Hapa hamna mjadala. Chumba changu cha Melbourne kina ukuta mmoja usio na dirisha wala kabati, wanshiti zinakaa mbili na pumzi zinaisha, deibili nimepanga tano na bado kuna nafasi ya saa. Ukiwa umepanga chumba na sheria za mwenye nyumba za kutotoboa ukuta, deibili kwenye fremu nyepesi inashikiliwa na zile ndoano za gundi, wanshiti yenye kioo jaribu uone kitakachokuamsha saa tisa usiku.

Usafirishaji ndo sehemu watu wanapigwa bila kujua. Deibili nyingi zilikunjwa tangu kiwandani ili zitumwe kwa posta kwenda sinema za mikoani, kwa hiyo mikunjo sio ubovu, ni umri. Unaitumia bahasha ngumu tambarare na inafika. Wanshiti isiyokunjwa lazima iingie kwenye bomba la karatasi ngumu, na bomba posta ni ghali kuliko bahasha, hapo gharama ya kutuma inaweza kuipita bei ya bango lenyewe, hasa ukituma Dar au Mombasa.

Kwa upande wa uchoraji, mimi naipa deibili ya zamani na siombi radhi. Hadi kuingia miaka ya 70 nyingi zilikuwa za lithografia ya mkono, mchoro unachorwa kwenye bamba kwa kalamu ya mafuta, kila rangi na bamba lake, kwa hiyo rangi zimelala juu ya karatasi kama zimepakwa. Wanshiti zilipoanza kutumia picha za kamera zikawa safi zaidi, ndio, ila zikafanana na za kila nchi. Sema kuna kitu kimoja wanshiti inashinda: maandishi. Kwenye deibili majina ya waigizaji na mafundi yamebanwa chini mpaka unahitaji miwani, kwenye wanshiti unasoma ukiwa umekaa kwenye kochi.

Ngoja niwaonyeshe moja. Kuna soko la Jumapili pale Camberwell, Melbourne, watu wanauza vitu vya nyumbani kwenye maegesho ya magari. Mzee mmoja alikuwa na boksi la viatu limejaa karatasi zilizokunjwa, nikauliza hizi ni nini akasema takataka za kaka yake aliyekuwa anaendesha mashine ya sinema. Nikafungua moja taratibu. Mikunjo mitatu ya kulala, kwenye mkunjo wa kati karatasi imeanza kuachana kama sentimita mbili, kona zote nne zina matundu ya pini na kona moja ina matundu sita, manake walilibandika likaanguka wakabandika tena na tena. Nyuma limekuwa la njano lakini mbele nyekundu bado inawaka. Chini kabisa pembeni, herufi ndogo kuliko punje ya mtama, jina la mchapaji. Linanukia kama kabati la bibi. Nikamlipa alichosema sikupunguziwa hata senti, nikaona aibu kubishana na mtu juu ya kaka yake.

Hayo maandishi madogo ya chini ndo kitambulisho chako. Majina ya kuyazoea ni kama Richardson Studio, W.E. Smith, Robert Burton, M.A.P.S. Litho, wengi wao wa Sydney. Ukikuta bango la zamani halina jina la mchapaji kabisa, usikimbie lakini weka pochi mfukoni kwanza, uliza maswali.

Silaha ya pili ni rula. Kabla ya vita vya pili deibili ilikuwa kubwa, inchi 15 kwa 40. Vita vilipoanza karatasi ikawa adimu wakaikata mpaka 10 kwa 30. Baada ya vita ikatulia kwenye 13 kwa 30 na ikakaa hapo miaka mingi, halafu kuanzia miaka ya 80 hivi ikafupishwa ikawa 13 kwa 26. Tofauti ya nusu inchi huku na kule ni kawaida, visu vya viwandani havikuwa na adabu. Ila mtu akikuletea deibili ya wakati wa vita yenye inchi 26, mwambie asante kaka ukaendelee na safari.

Orijino na kopi sasa, manake hapa niliwahi kulia. Mwaka wa kwanza nilinunua Mad Max onlaini kwa muuzaji ambaye sitamtaja, picha ilipendeza, bei ilikuwa kama zawadi, na mimi mshamba nikajiambia huyu hajui thamani yake. Likaja limeviringishwa. Nikalitandaza mezani nikaona ile mikunjo, nikafurahi, la kizamani kweli. Nikapitisha kidole kwenye mkunjo. Laini. Karatasi haijakunjwa hata mara moja, mkunjo umechapwa! Mtu kalipiga skani bango la kweli lililokunjwa, kaprinti na kivuli cha mikunjo na hata matundu ya pini, matundu ya wino wakuu, nilikuwa naweka kucha kwenye tundu halipo. Nililibandika jikoni juu ya friji liwe fundisho na mvuke wa pilau ukalimaliza.

Kwa hiyo ukitaka kupima, kidole kwanza, macho baadaye. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Kwenye lithografia ya mkono utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki ukutani, kopi ya kisasa itakuonyesha nukta zilizojipanga. Ila kuwa makini, bango la mwishoni mwa miaka ya 70 kwenda mbele lilichapwa kwa ofseti, ile mashine ya kuchapia magazeti, na ofseti nayo ina nukta zake, kwa hiyo nukta peke yake sio ushahidi. Hapo angalia maandishi madogo, kwenye orijino yamekatika safi, kwenye kopi yana ukungu. Na karatasi: deibili ya kabla ya miaka ya 80 inayong'aa kama kalenda ya benki, achana nayo.

Kopi sio dhambi lakini. Ukitaka tu kupamba sebule na huna mpango wa kuuza, kopi nzuri inayouzwa kama kopi ni sawa kabisa, hata jua likiipiga hulii. Tatizo ni kopi inayouzwa kama orijino.

Katikati ya orijino na kopi kuna kundi la tatu linalochanganya watu, mabango ya muvi iliyorudishwa sinema miaka kadhaa baadaye. Hayo ni ya kweli, yamechapwa na wenye muvi, ila sio ya mara ya kwanza na bei yake lazima iwe chini. Njia rahisi ya kuyakamata ni alama za bodi ya ukaguzi. Mfumo wa herufi G, NRC, M na R ulianza Novemba 1971, kabla ya hapo walikuwa wanachapa maneno kamili, kwamba ni ya kila mtu, au haifai kwa watoto, au ya watu wazima tu. NRC ikafutwa 1984 ikaja PG. Sasa mtu akikuuzia bango la muvi ya 1975 lina PG kwenye kona, hilo lilichapwa 1984 au baadaye, hata aape kwa jina la mama yake.

Mad Max na mwenzake zinaleta swali lingine, nchi gani? Ya pili ilitoka 1981, Australia inaitwa Mad Max 2, Wamarekani wakaiita The Road Warrior kwa sababu ile ya kwanza kwao haikujulikana sana. Na ile ya kwanza ilipofika Marekani waliwabandikia waigizaji sauti za Kimarekani, eti lafudhi haieleweki, jamani sisi huku kwenye vibanda umiza tuliangalia muvi za Kichina zimebandikwa Kiingereza halafu juu yake mtu anasimulia Kiswahili na tulielewa kila kitu. Bango la Australia kwa muvi ya Australia ndo bango la nyumbani, na mimi kama bei zinakaribiana nachukua la nyumbani kila siku.

Kuna moja ambayo kuchagua sio suala la bei. Jedda, 1955, ya Charles Chauvel. Muvi ndefu ya kwanza ya Australia ya rangi, na ya kwanza kuwapa wenyeji wa asili nafasi za mbele, Ngarla Kunoth na Robert Tudawali. Nchi haikuwa na maabara ya rangi kwa hiyo mikanda ikawa inapelekwa Uingereza, na ile ya mwisho ikaungua kwenye ajali ya ndege, wakarudia kupiga sehemu ya mwisho milimani, sio mbali na Sydney. Uingereza waliiuza kwa jina Jedda the Uncivilised, yaani Jedda asiyestaarabika. Sasa fikiria mimi mtu mweusi nimelitundika hilo sebuleni, mgeni anaingia namkaribisha chai chini ya hayo maneno. La Australia lenyewe nalo lina lugha na michoro ya zama zake lakini lina jina lake tu, Jedda. Hapo nimechagua la nyumbani na la Uingereza nisingelichukua hata bure. Wengine wanakusanya hayo kama ushahidi wa historia, sawa, yakae kwenye faili sio ukutani. Ngarla Kunoth mwenyewe, aliyejulikana baadaye kama Rosalie Kunoth-Monks, aliishia kuwa mtetezi mkubwa wa haki za watu wake mpaka alipofariki 2022.

Sasa muvi zenyewe. Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo, sababu mtu ananunua bango la muvi hajaiona na hajui ataiona lini.

Kwenye hii michezo karatasi imeishi kuliko mkanda. Mfano mkubwa ni The Story of the Kelly Gang ya 1906, ya Charles Tait, inayotajwa kuwa hadithi ndefu ya kwanza ya sinema duniani, ilikuwa na zaidi ya saa moja na leo zimebaki kama dakika 17, baadhi zimeliwa na kuoza mpaka sura zinayeyuka mbele ya macho yako. Kijitabu kilichokuwa kinauzwa ukumbini ndo kinatusaidia kujua hadithi ilikwendaje. UNESCO wameiweka kwenye kumbukumbu zao za dunia tangu 2007. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, inaoza yenyewe na ikishika moto huizimi, na kampuni nyingi hazikuona sababu ya kuilinda, muvi ikishamaliza mzunguko ni taka.

Mwingine ni Wake in Fright ya Ted Kotcheff, 1971. Mwalimu anakwama kwenye mji wa machimbo, anaanza na bia moja na kamari kidogo na kufika mwisho hajijui, muvi inanuka jasho na vumbi. Ilienda mashindano ya Cannes, nje wakaiita Outback, Australia watu hawakuijalia sana. Baadaye nakala nzuri ikapotea kabisa. Aliyeihariri, Anthony Buckley, akaisaka miaka na miaka mpaka 2004 ikapatikana kwenye ghala Pittsburgh, Marekani, kwenye makasha yaliyoandikwa kwamba yanakwenda kuteketezwa. Ikasafishwa, 2009 ikarudi Cannes na kwenye sinema. Fikiria hapo katikati, zaidi ya miaka thelathini, deibili yake ulikuwa unaweza kuishika mkononi na muvi huwezi kuiona ilivyotakiwa ionekane. Na kwa wanaokusanya, bango la Wake in Fright na bango la Outback ni muvi moja, usinunue yote mawili ukidhani umepata mbili, kuna mtu namjua alifanya hivyo (ni mimi).

Sentimental Bloke ya 1919 nayo nakala yake nzuri ilikuwa Marekani, hifadhi ya Rochester, imeandikwa The Sentimental Blonde. Herufi mbili tu na muvi inageuka mwanamke mwenye nywele za dhahabu, hakuna anayeitafuta.

Basi leo una njia tatu za kuona muvi za kizamani za Australia, na hazilingani.

Striming ni rahisi kuanza na ni mbaya kutegemea. Leo ipo, mwezi ujao mkataba umeisha haipo, na nyingine zinafunguka ukiwa Australia tu, ukiwa Nairobi unaambiwa samahani eneo lako halina. Zilizo na majina makubwa utazipata mahali fulani. Zile za katikati, hasa za miaka ya 80, ndo shida. Mwaka 1981 serikali ilitoa msamaha wa kodi unaoitwa 10BA, ukiweka hela kwenye muvi unakata kodi asilimia 150, basi madaktari wa meno na mawakili wote wakawa wazalishaji wa sinema. Muvi zikatengenezwa kwa haraka, nyingine hata hazikufika sinema zikaenda moja kwa moja kwenye kanda za video. Wenye hisa walikuwa wengi, kampuni zikafa, leo ukitaka haki ya kuionyesha hujui ubishe hodi mlango gani. Kwa hiyo haziko kwenye striming wala kwenye diski, zipo kwenye kanda za VHS kwenye gereji za watu. Mabango yake pia hayo usitafute deibili, tafuta bango la duka la video, ambalo ni la karatasi ya kung'aa na wakubwa wa kukusanya wanalidharau, na kwa sababu hiyo ndo bei yake bado iko chini. Mimi ninayo manne. Nacheka peke yangu.

Diski ndo chaguo langu, na hapa wasomaji wa nyumbani wakae vizuri. DVD zimegawanywa kwa maeneo ya dunia, za Australia ni eneo namba 4 na za kwetu Afrika Mashariki ni namba 5, kwa hiyo deki iliyofungwa kwa eneo moja itakataa. Ila Blu-ray imegawanywa tofauti, Australia na Afrika na Ulaya wote wako kundi B, unanunua Melbourne unaangalia Tanga bila ujanja wowote. Kwa hiyo kati ya DVD ya bei chee na Blu-ray ya bei ya juu kidogo, ukiwa unaipeleka nyumbani chukua Blu-ray. Umbrella Entertainment wa Melbourne na lebo ya Imprint wametoa za kizamani nyingi tu, zikiwemo zile za vurugu na damu za miaka ya 70 na 80 ambazo wakosoaji wa wakati ule walikuwa wanazionea aibu. The Man from Hong Kong ya 1975 kwa mfano, ushirika wa Australia na Hong Kong, yuko Jimmy Wang Yu anapigana Sydney kutoka mgahawani mpaka juu ya jengo. Aliyekulia kwenye video za karate atamtambua, ndo yule mpiganaji wa mkono mmoja kwenye muvi zake nyingine. Ukiwa na diski yake na deibili yake umemaliza, mwaliko wa wageni umekamilika.

Ila kabla ya kununua diski uliza ni toleo gani. Picnic at Hanging Rock ya Peter Weir ilitoka 1975, halafu 1998 mwenyewe akairudia akapunguza kama dakika saba, badala ya kuongeza kama wenzake. Muda mrefu iliyokuwa inazunguka zaidi ni ile fupi. Ukinunua bango la 1975 ukaangalia toleo la 1998, sio kosa, ila muvi uliyoiona sio ile iliyokuwa ndani ya ukumbi wakati bango lile liko nje.

Njia ya tatu ni kusubiri. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti, NFSA, iko Canberra, wana mikanda, mabango, na vipande vingine wanaviweka onlaini bure, Kelly Gang ukiwemo. Na kuna sinema kama Astor pale St Kilda, ya tangu 1936, inaonyesha za kizamani mbili kwa tiketi moja kwenye skrini kubwa. Kalenda zao zenyewe ni mabango, watu wanabandika kwenye friji na milango ya choo, na kwa asiye na hela kabisa huo ni mwanzo mzuri kuliko kopi. Njia hii inataka subira na inataka uwe unaishi huko. Ukiwa Dar haikuhusu, rudi kwenye diski.

Utunzaji nitaugusa haraka. Selotepu isiguse bango, kamwe, inaacha alama ya kahawia haitoki. Fundi wa kubandika bango kwenye kitambaa yupo, anatumia gundi ya wanga na inaweza kubanduliwa, lakini ni ghali, deibili ya kawaida haistahili, iache na mikunjo yake. Weka kwenye mfuko wa plastiki wa polyester na kadibodi isiyo na asidi. Nilimpelekea mama Tanga moja kwenye fremu, karatasi imegusana na kioo, sikuweka nafasi. Masika moja tu. Unyevu wa bahari uliingia, wino ukashikana na kioo, mama kapiga simu "mwanangu hii picha yako inatoa jasho." Pwani weka pambizo ya kadibodi katikati ya bango na kioo, na usitundike ukuta unaopigwa na mvua upande wa nje.

Kwa hiyo binamu kama bado uko: hela kidogo, deibili mbili za muvi usizozijua majina na Blu-ray moja ya unayoijua. Hela ya kati, deibili moja ya muvi uliyoiona ukaipenda, yenye matundu na mikunjo, usilipe zaidi kwa ajili ya usafi. Hela nyingi, haya nenda kagombanie wanshiti ya Mad Max na Wajapani, mimi nakuangalia. Bango la muvi ambayo haipatikani popote nalo ukilipenda chukua tu, lile la Camberwell mpaka leo muvi yake sijaipata, nimeuliza kila mahali, na kila nikipita mbele yake najiuliza yule dada wa kwenye mchoro aliyeshika taa anamkimbia nani.

Na kabla hujalipa muulize muuzaji bei ni pamoja na posta au bado, na atalituma limekunjwa au limeviringishwa. Kama ni deibili iliyokunjwa tangu zamani mwambie asiiviringishe, aiache kwenye mikunjo yake ileile na aweke kadibodi pande zote mbili.